Mjomba Ana Homa

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Basi nayaoga, ingawa nimechoka, na maji yenyewe ni baridi.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimfungia karanga kabla hajasoma: mimi ni Emilienne wa Kasongo, mama ya Nadine. Mume wangu alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu, akapata mke. Kibanda changu cha kusharji telefone kiliibiwa betri. Kisha mama yangu akafa. Na wakati ndugu wa damu walikuwa wangali wanatafuta viatu vya kuja navyo kwenye matanga, watu wa grupu moja ya telefone, watu ambao sura zao sikuzijua, walifika kwangu. Wakakata kuni, wakapika, wakalala chini pamoja nami siku tatu.

Grupu ile inaitwa Nguzo za Nyumba. Namna nilivyoingia mule nilishasema. Leo nataka kusema kwa nini sikutoka.

Kabla ya Nguzo, siasa kwangu ilikuwa tisheti. Wakati wa uchaguzi wanakuja na gari, wanagawa tisheti na kitenge, unavaa, unampigia kura yeyote, unarudi shambani. Mule Nguzo nilisikia watu wakiongea siasa kama watu wenye nyumba. Kwamba mtoto asimwinulie mzazi mkono. Kwamba ndoa inafungwa mbele ya wazee. Kwamba ardhi ya ukoo haiuzwi kwa mtu aliyekuja jana na karatasi. Kwamba chef, mtawala wetu wa jadi, anatoka kwenye damu, hatoki kwenye ofisi.

Nilikuwa nasikiliza zile vokali, ujumbe wa sauti, peke yangu kibandani, natikisa kichwa kama kichaa. Miaka arobaini na miwili nilidhani sina maoni. Kumbe ninayo, ila hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kiongozi wetu ni Papa Octave, mwalimu wa zamani, mtu wa goti bovu na sauti nzuri. Asubuhi moja anatoa sala ya Kikristo, asubuhi inayofuata Papa Lukumani, seremala, anatoa dua ya Kiislamu. Wakimaliza wanauliza: "Nani ameamka na huzuni?" Na sheria ya grupu ni moja juu ya msiba: kifo kwenye nyumba ya mwanachama hakifichwi hata saa moja. Ukificha, umetunyima kukulilia.

Kazi yangu mule ilikuwa kadi. Kule njia ya Kabambare rezo ya telefone ni ya kubahatisha, watu wanapanda kilima kuitafuta na wanashuka bila kitu. Basi kila Jumamosi nilikuwa nachukua vokali zote za juma, naziweka kwenye kadi memori, kadi moja kwa kila kijiji. Pitchou, motari, mwendesha pikipiki wa njia ile, anazibeba kwenye mfuko wa shati. Nusu ya wanachama wetu walikuwa wanasikia grupu kwa pikipiki.

Na vokali iliyosikilizwa kupita zote ilikuwa yangu. Siku ile walikuwa wanabishana juu ya wanawake kukaa kwenye kiti cha chef. Nikabonyeza, nikasema: "Mimi ni mwanamke. Nalima, nazaa, nazika. Kiti cha mababu sikitaki, na mwanamke anayekitaka hajui uzito wake." Basi! Sifa zilikuja kama mvua. Papa Octave akasema, "Dada Emilienne amefunga mjadala." Mimi, mke aliyeachwa, mwuza sharji, nimefunga mjadala!

Msinicheke. Nilikuwa sijapigiwa makofi tangu darasa la tano.

Sasa tuingie kwenye matata yenyewe.

Alhamisi moja saa nne asubuhi, Aurélie akashuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda changu, vumbi mpaka kwenye kope. Aurélie, ambaye namwita yaya kwa kuwa ni dada mkubwa, ni mtoto wa mjomba wangu, kaka ya mama. Mjomba huyo ndiye chef wa groupement yetu, vijiji vyetu vyote vya upande wa mto Luama. Ndiye aliyenishika mkono siku ya harusi. Mume aliponitupa, ndiye aliyenitumia muhogo wa miezi mitatu bila kuniuliza kosa ni la nani.

"Mama Nadine."

"Yaya Aurélie! Karibu, karibu. Habari ya kule?"

"Kule tuko. Nimekuja kununua shuka nyeupe."

"Kuna harusi?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Muzee iko na homa."

Kwetu chef hafi. Mtu wa kawaida anakufa, mbuzi anakufa, chef anapata homa. Atalala na homa ile mpaka mwezi mpya uonekane na mwingine awe amekaa kwenye kiti. Wazee wanne wanamzika mahali wanapopajua wenyewe, na hapo katikati hakuna kulia. Wanawake wanaendelea kupeleka chakula mlangoni kwake, asubuhi na jioni.

"Anakula?" nikauliza.

"Anakula vizuri. Sahani zinatoka tupu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya soko."

Nikataka kupiga kelele. Aurélie akanishika kifundo cha mkono, akabana.

"Hapana. Weye ni mutoto wa dada yake. Shuka inatoka kwenye mukono yako, ndiyo desturi. Nunua, nipatie, nyamaza."

Nikanunua sanda ile bila kuiita sanda. Nikampa. Nikanyamaza. Kisha nikauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Wazee wameshakaa?"

"Wamekaa."

"Wakasema nani?"

"Mimi."

Mteja akaja kuchukua telefone yake. Nikampa ya mtu mwingine, akanirudishia, akaenda anasonya.

"Vokali yako tuliisikia," Aurélie akasema. "Hata muzee aliisikia. Alicheka mpaka akakohoa."

"Alisema nini?"

"Alisema: huyu mutoto wa dada yangu iko na mudomo. Angekuwa mwanaume ningemuogopa."

"Na wewe, umenikasirikia?"

"Sina nguvu ya kukasirika, Emilienne. Sijaomba kiti, nimeambiwa. Mwezi mupya ukionekana watanikalisha. Lakini Gédéon akisikia kabla ya pale, atakimbia kwa serikali, kwa ofisi ya territoire, atasema kiti iko wazi. Karatasi zake ziko tayari tangu mwaka jana. Mudomo yako ufunge tu mpaka mwezi. Sawa?"

Gédéon ni mtoto wa mdogo wake mjomba. Anakaa Kabambare centre, pale mjini, ana mkoba wa plastiki umejaa karatasi za mihuri.

"Naapa," nikasema.

Na nilikuwa naapa kweli. Mungu anajua.

Alhamisi ile nikanyamaza. Ijumaa nikanyamaza. Nilikuwa natabasamu kwa wateja, huku kifua kimejaa kama gunia. Nadine akaniuliza, "Mama, uko mgonjwa?" Nikasema ni vumbi. Mtu aliyekuwa baba kwangu amelala udongoni, na mimi naulizwa kwa nini sharji imepanda bei.

Jumamosi asubuhi Papa Lukumani akasoma dua. Dua nzuri, ya wazazi. Akamaliza, akauliza kama kawaida: "Nani ameamka na huzuni? Asibaki nayo peke yake."

Asibaki nayo peke yake! Ndugu msomaji, mimi si chuma.

Nikabonyeza. "Ndugu zangu, mjomba wangu aliyekuwa baba kwangu amelala. Nisaidieni kulia."

Nikaachia kidole.

Sikusema chef. Sikusema Luama. Wajomba ni wengi duniani, nilijiambia. Na pole zikaanza kuingia. Mama mmoja wa Nyangwe alilia kabisa ndani ya vokali. Mzee mmoja wa Kindu akaimba wimbo mzima. Nikajifunika kitenge kichwani, nikalia mpaka nikasikia njaa. Kilikuwa kilio kitamu, siwezi kudanganya.

Na kwa kuwa nimeanza kuungama, niungame yote. Aliyeniuliza baadaye kama nilitafuta pole tu, nilimjibu ndiyo. Sina hakika. Labda kuna Emilienne mwingine mle ndani, yule aliyefunga mjadala, ambaye hakutaka kumwona Aurélie juu ya kile kiti. Nimemtafuta aniambie. Hajibu.

Huku nalia, mikono ilikuwa inafanya kazi yake ya Jumamosi. Kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Pitchou akapita, akanipa pole, akatia kadi kwenye shati, akawasha pikipiki.

Saa moja baadaye Papa Octave akanipigia.

"Dada, pole sana. Huyu mjomba ndiye chef wa Luama?"

"Papa, mimi sikusema hivyo."

"Leo hukusema. Lakini mwezi wa tano ulituambia mwenyewe kwamba wewe ni mpwa wa chef wa Luama. Ulijisifu kidogo." Akacheka taratibu, kwa upendo. "Usijali. Nguzo haitakuacha."

"Papa Octave, sikiliza, tafadhali..."

Rezo ikakatika. Nikapiga tena, hakuna. Nikapiga mara nane.

Rezo ikarudi kwangu, kwake hapana. Nikafungua grupu, nikafuta ile vokali kwa wote. Telefone ikaandika kwamba ujumbe umefutwa. Nikapumua. Nikanywa maji.

Halafu nikakumbuka kadi.

Ee Yesu wangu!

Nikamwachia Nadine ufunguo, nikapanda nyuma ya motari wa kwanza niliyemwona, mtu anaitwa Hervé, nikamwambia amfukuze Pitchou hata kama njia itatuua. Njia ile mnaijua. Tulianguka mara mbili kwenye matope, mara ya tatu nikashuka mwenyewe kabla hatujaanguka. Tulilala kwa watu njiani, tukaamkia barabarani.

Kijiji cha pili tulichopita, mama anayeuza ndizi akainuka.

"Pole, dada. Tumesikia kwa kadi. Chef alikuwa mutu muzuri."

"Chef yupi? Chef iko na homa tu!"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mlevi.

Pitchou tulimkuta kwenye kivuko cha Luama, anasubiri mtumbwi tangu jana, anakula muwa.

"Pitchou! Kadi!"

"Kadi gani? Nimeshagawa. Imebaki moja ya Salamabila."

"Na ya Kabambare?"

"Ya Kabambare sikuhangaika nayo. Nimemukuta Gédéon hapa hapa jana jioni, anarudi kwake, nikamupatia mukononi. Akatia kwenye telefone, akasikiliza." Pitchou akatema muwa. "Alihuzunika sana, maskini. Akavuka na mtumbwi wa mwisho, akaondoka mbio hata bila kuaga."

Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Nilifika kijijini jua la saa saba. Wanawake wanatwanga. Watoto wanacheza. Hakuna anayelia. Mbele ya nyumba ya mjomba alikaa Mzee Salomon, mlinzi wa nyumba ya chef, mmoja wa wale wanne. Aurélie alisimama nyuma yake. Hakunisalimu.

"Ni wewe," Mzee Salomon akasema.

"Ni mimi, Muzee."

"Gédéon ametuma mutu. Leo hii anakuja na mukubwa wa territoire. Mukubwa anataka kuona chef kwa macho."

Nikapiga magoti. "Muzee, kule kwenye grupu sheria inasema kifo hakifichwi. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa..."

"Grupu ya kufanya nini?"

"Ya kulinda mila, Muzee."

Sijui kama alitaka kucheka ao kunipiga.

"Basi linda," akasema.

Aurélie akaongea kwa mara ya kwanza. "Mbele ya mugonjwa wa kiti anaingia mutu mumoja tu, mutoto wa dada yake. Mukubwa anajua desturi, hawezi kuvunja mulango. Weye utapeleka chakula. Utatoka na sahani tupu. Utasema amekula."

"Aurélie..."

"Ulitaka kulia kwa watu. Haya, sasa kula kwa ajili ya watu."

Mkubwa alifika saa tisa, mtu mpole, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi. Akasalimia wazee vizuri. Gédéon nyuma yake na ule mkoba wa plastiki. Aliponiona akanipa mkono wa pole, kisha akaukumbuka uongo wa homa, akaurudisha mkono mfukoni.

"Tumekuja kumjulia hali chef," mkubwa akasema.

"Muda wa kula umefika," Mzee Salomon akamjibu. "Mupwa wake ataingia kwanza."

Nikapewa sahani. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki mmoja wa Luama. Nikaingia, nikarudisha mlango.

Ndani kulikuwa na kitanda kimetandikwa. Koti lake kwenye msumari. Redio yake imefungwa mpira kwa sababu kifuniko cha betri kilivunjika zamani. Harufu yake bado ilikuwemo, tumbaku na sabuni. Nikakaa chini kwenye mkeka.

Nikala. Tonge la kwanza lilikataa kushuka. La pili nikalisukuma kwa kidole. Machozi yalitaka kuja, nikayafokea kimoyomoyo, kwa sababu mtu mwenye homa hafanyiwi kilio. Nilikula chakula cha mjomba wangu chote, na mifupa ya samaki nikaitafuna.

Nje nikamsikia mkubwa anauliza, "Anaendelea namna gani?"

Walikuwa wanangojea kitu kutoka kwangu.

Nikakohoa. Nilikohoa kikohozi chake, kile kirefu cha kushuka ngazi, ninakijua tangu mtoto. Nikakohoa vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaogopa.

"Pole, Muzee!" mkubwa akaita kutoka nje.

Nikatoka na sahani tupu. "Amekula," nikasema.

Nilimwona Gédéon uso ukimshuka. Aurélie akapokea sahani, vidole vyake vikagusa vyangu, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nikahisi nimesamehewa robo.

Ilidumu dakika tano.

Kwanza tulisikia pikipiki, nyingi. Halafu wimbo. Halafu kilio, kile cha wanawake wanaofika kwenye matanga, ambao wanaanza kulia tangu barabarani ili nyumba ijue wanakuja. Watoto wakaacha kucheza. Pikipiki sita zikaingia kiwanjani, na juu ya ile ya mbele, limefungwa kwa mpira kushoto na kulia, sanduku la maiti. Jipya. Mbao bado ina harufu.

Nyuma ya sanduku, Papa Octave, goti limenyooshwa kama fimbo, matope mpaka kwenye ndevu. Nyuma yake Papa Lukumani, aliyelichonga.

Walisafiri mchana na usiku kwa ajili yangu.

"Dada Emilienne!" Papa Octave akashuka anachechemea, mikono imefunguliwa. "Tulikuambia hutabaki peke yako."

Mkubwa wa territoire akasimama. "Nani amekufa hapa?"

Kina mama wa Nguzo walikuwa bado wanalia. Mmoja akaona kwamba hakuna mwenyeji anayelia, akapunguza, mwingine akapunguza, mpaka wote wakanyamaza.

"Mama," mkubwa akaniambia, "unawajua watu hawa?"

Mzee Salomon alikuwa anaangalia chini. Aurélie alikuwa ananiangalia mimi.

Ndugu msomaji, wale walinifuta machozi. Wale waliniambia nina akili. Kama kuna watu duniani niliochagua mwenyewe, ni wale.

"Siwajui," nikasema.

Papa Lukumani alifungua mdomo. Papa Octave akamshika bega.

Akanitazama. Akaitazama sahani mkononi mwa Aurélie, tupu. Akatazama mlango uliofungwa, wanawake wenye vinu, wazee walionyamaza. Ni mwalimu wa zamani, lakini kabla ya shule ni mtoto wa kijiji. Nikaona ameelewa. Nikaona namna kuelewa kule kulivyomwumiza.

"Bwana Mukubwa," akasema, kwa ile sauti yake nzuri, "tusamehe. Tumepotea njia. Sanduku ni yetu, tunapeleka mbele. Huyu mama tumemufananisha na mutu mwingine."

Wakaanza kugeuza pikipiki. Aliponipita akasimama kufunga kamba ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

"Papa," nikanong'ona.

"Mimi ningeficha vilevile," akasema bila kunitazama. "Lakini mimi singesema kwamba sikujui."

Wakaondoka. Hawakuimba.

Nilifikiri sasa imekwisha, nimelipa, kila mtu aende kwake. Mkubwa mwenyewe alikuwa anavaa viatu.

Lakini Gédéon hakuwa amekwisha.

"Bwana Mukubwa," akasema, mpole kabisa, "mimi nashukuru Mungu baba yetu anakula. Nilidanganywa na maneno ya njiani. Ila tumetoka mbali, na wino iko. Muzee akiwa na homa, akili yake bado ni nzima. Aulizwe leo: nani atamurithi? Ataje jina, uandike, tusibishane kesho."

"Ni kweli," mkubwa akasema. "Hiyo itawasaidia wote. Nani ataingia kumuuliza?"

"Anaingia mutoto wa dada yake tu," Gédéon akajibu. Akanigeukia, akatabasamu kama ndugu. "Mimi ninamuamini Mama Nadine. Ni mutu wa mila. Nimesikia sauti yake kwenye kadi, zaidi ya mara moja. Anajua kiti ni ya nani."

Mzee Salomon akafumba macho. Hakuweza kukataa. Akikataa, amesema chef hayupo.

Aurélie hakuniomba kitu. Laiti angeniomba! Alisimama tu, amekumbatia ile sahani.

Nikaingia tena. Nikarudisha mlango. Nikasimama mbele ya kitanda kile kitupu, na nikafanya upumbavu mkubwa kuliko wote wa juma lile: nilimuuliza. "Mjomba, nani?"

Sikuwa nimebadilisha maoni. Hilo nataka mlielewe. Kila neno nililosema kwenye ile vokali nilikuwa bado naliamini, na nalijua jina ambalo imani yangu inataja. Na nilijua jina ambalo wazee wamelitaja, wazee ambao imani hiyo hiyo inaniambia niwatii. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Mlango ulipolia, wote wakainuka. Mkubwa alikuwa na karatasi juu ya goti, kalamu imefunguliwa.

"Haya, mama," akasema. "Amesema nani?"